Nusu Bei kwa Mteja wa Siku Nyingi

Meseji iliingia saa nne asubuhi, Fundi akiwa na pini tatu mdomoni na gauni la mteja begani. Kampuni ya simu ilikuwa inampongeza kwa kuwa mteja wake kwa miaka kumi na miwili, na kwa uaminifu wake huo ikamkaribisha achukue simu mpya ya kisasa kwa nusu bei, mradi arudishe ile anayotumia. Mwisho wa ofa ulikuwa Ijumaa. Fundi alitema pini, akaisoma tena, kisha akamsomea mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa rangi za nyumba mpaka magoti yake yalipokataa ngazi. Siku hizi alikuwa na kazi mbili: kushona vifungo vya nguo za wateja wa mkewe, na kutoa maoni. Maoni yake juu ya meseji ile yalikuwa kwamba hao ni matapeli, na kama si matapeli basi ni wabaya zaidi, ni wafanyabiashara. Mtu hakupi nusu ya kitu, alisema, mpaka ameshaona namna atakavyokula nusu yako. Rahisi ghali. Akakata uzi kwa meno na kuchukua kifungo kingine, akiamini kesi imekwisha.

Haikwisha, kwa sababu simu ya Fundi ilikuwa hoi. Betri yake ilishikiliwa na kipande cha mpira wa kiunoni, ule unaotiwa kwenye sketi za shule, na kitufe cha namba moja kilikuwa kimekufa tangu mwaka juzi. Kufa kwa kitufe kimoja si msiba, utasema, lakini wewe si fundi cherehani. Tangu siku hiyo kila mteja mpya mwenye kiuno cha thelathini na moja aliandikwa thelathini na mbili, maana nguo ya kulegea kidogo mtu huisamehe, ya kubana haisamehe.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana bila hili hadithi haieleweki. Fundi hakuwa na daftari la vipimo. Alifundishwa kazi na shangazi yake, ambaye alikuwa na daftari kubwa likining'inia kwenye msumari ukutani, na siku moja mteja aliyechoka kusubiri akalifungua na kusoma kwa sauti kiuno cha wifi yake, wifi mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo. Wanawake wale wawili hawakusalimiana tena mpaka mmoja wao akazikwa. Fundi, msichana wakati huo, aliapa kwamba akipata cherehani yake hataandika mwili wa mtu mahali ambapo mkono wa mtu mwingine unafika. Simu zilipokuja akapata dawa. Simu ilikaa kutwa nzima kwenye mfuko wa aproni yake, haitoki. Basi akawa anaandika vipimo humo, palepale kwenye jina la mtu.

Kwa hiyo mkuu wa posta hakuwa mkuu wa posta tu, alikuwa "Bwana Posta tumbo 44 linakua." Muuza maziwa alikuwa "Muuza Maziwa mguu wa kulia mfupi nusu inchi." Jirani yake wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu habari zilitoka kwake bila kukatika, alikuwa "Redio kiuno 46 anasema 40." Hata mumewe alikuwa humo: "Mzee suruali 38 apunguze mkate." Majina yalizidi mia tatu, kila moja na mwili wake. Na kwa njia hiyo Fundi alijijengea sifa yake kubwa, kwamba hampimi mtu mara mbili. Mteja alipiga simu tu na kusema rangi aitakayo, siku ya nne nguo iko mlangoni kwake na inamkaa sawasawa.

Kulikuwa na jina moja alilolitunza kuliko yote. Miaka sita nyuma, jioni moja wakati anafunika cherehani, alikuja mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wa pili, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye watoto waliacha kukimbia akipita, hata wale ambao hawakusoma kwake. Alikuwa ametoka kwenye likizo ya miezi mitatu ambayo hakumweleza mtu sababu yake. Alisimama nyuma ya pazia, akafungua blauzi, akasema kwamba daktari amelitoa titi la kushoto, na kwamba anataka Jumatatu aingie shuleni akiwa kama alivyoondoka. Kisha Mwalimu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata akipenga kamasi, akalia akiwa amesimama wima na mikono juu.

Fundi alimpima akiwa amefumba macho, kwa kupapasa na tepu, akiyafumbua pembeni kusoma namba tu. Alimshonea koti lenye mfuko ndani ya bitana, akatia sponji, akaipunguza na kuiongeza mpaka pande mbili zikalingana, na Jumatatu hakuna mtoto wala mwalimu aliyegundua kitu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya walio hai, basi, anaijua fundi cherehani. Akaandika kwenye simu: "Mwalimu Mkuu kifua 42 kushoto hakuna sponji vidole 3." Akajiapiza kwamba mwanamke yule hatavuliwa nguo mara ya pili. Tangu hapo nguo za Mwalimu alizipeleka mwenyewe, akamkabidhi mlangoni na kuaga haraka, ili asimpe hata nafasi ya kuona haya.

Ndiyo maana siku walipokwenda kwenye duka la kampuni ya simu, Fundi alikuwa na swali moja tu, nalo lilihusu majina. Mumewe alikuja kwa ajili ya ulinzi. Duka lilikuwa la vioo vitupu, na baridi ya mashine iliwapiga tangu mlangoni. Walichukua namba, wakakaa nusu saa, mume akisoma masharti yaliyobandikwa ukutani na mke akikagua mishono ya sare za wahudumu, ambayo ilimsikitisha sana.

Waliyempata alikuwa binti mpole mwenye kucha ndefu. Mzee alimhoji kama polisi: je, ile nusu nyingine itadaiwa lini, je, wakifa watoto watarithi deni, je, kwa nini kampuni inataka kigofu kile chenye mpira wa sketi. Binti alijibu yote bila kununa. Hakuna deni. Simu za zamani zinakusanywa, zinafutwa, zinapelekwa kiwandani. Mteja anachotakiwa ni kitambulisho, saini, na kuikabidhi simu yake palepale, bila hiyo punguzo halipo.

Fundi aliuliza kama majina yataingia kwenye simu mpya. Binti akasema yataingia yote. Fundi akauliza kama yataingia kama yalivyo, maana aliwahi kusikia kwamba majina marefu hukatwa mkia. Binti akaunganisha simu mbili kwa waya, akaangalia skrini, na nyusi zake zikapanda.

"Mama, haya ni majina?"

"Ni majina. Usiyasome, mwanangu, we hamisha tu."

Binti aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika kidogo, lakini alikuwa na adabu na akageuza uso pembeni. Baada ya dakika chache alisema tayari, yote yapo, hakuna hata herufi moja iliyopotea. Fundi alishusha pumzi. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa tangu meseji iingie, kupoteza, na halikutokea. Simu ya zamani ikafutwa, ikatupwa kwenye kasha la plastiki chini ya kaunta pamoja na wenzake, na ule mpira wa sketi, Mzee akaurudisha mfukoni kwake, maana haukuwa sehemu ya mkataba.

Kabla ya kuwaruhusu, binti alimfundisha Fundi kuwasha, kupokea, kuongeza ukubwa wa herufi, na jambo moja ambalo Fundi alilipenda kuliko yote. Mtu akikuomba namba ya mtu, alisema, hakuna haja ya kumsomea tarakimu moja moja. Unaligusa jina, unabonyeza hapa, unamtumia lilivyo, kazi imekwisha. Wakafanya majaribio kwa namba ya huduma kwa wateja, ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imeiandika ndani ya simu. Ilikwenda vizuri. Kwa nini isingekwenda vizuri? Huduma kwa wateja haina kiuno.

Wiki mbili Fundi aliishi kwa furaha ya kitoto. Alipiga picha kila nguo aliyomaliza. Redio alimwingiza kwenye kundi la majirani la simu, watu arobaini na watatu, ambamo siku nzima watu walitakiana asubuhi njema, walitangaza kukatika kwa maji, na walibishana juu ya mbwa wa mtu. Fundi alisoma yote na hakuandika kitu. Alikuwa mgeni, na mgeni hutazama kwanza viti vimepangwaje.

Jumatano ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, mama mmoja aliyehamia karibuni aliuliza kwenye kundi kama kuna mtu mwenye namba ya mwalimu mkuu, maana anataka kuandikisha mtoto Jumatatu. Fundi aliona nafasi yake imefika. Alilitafuta jina, akaligusa, akabonyeza pale alipofundishwa, likaenda. Alijisikia mtu wa maana. Akaiweka simu kwenye chaji nyuma ya kabati na kurudi kwenye cherehani, maana alikuwa na mapazia kumi na mawili ya ofisi moja, na mapazia hayashonwi huku unachungulia simu.

Redio alifika saa sita kasoro. Hakubisha hodi. Mguu mmoja ulikuwa na ndara, wa pili haukuwa nayo. Fundi alimwangalia akadhani mtu amekufa.

"Simu yako iko wapi? Nimekupigia mara tisa."

Fundi akaonyesha kabati kwa mkasi. Redio akaichomoa simu, akaifungua, akamwekea mbele ya macho. Pale kwenye kundi, kwa herufi kubwa ambazo Fundi mwenyewe alikuwa ameziomba, kulikuwa na kadi ya namba, na juu ya kadi jina, na jina lilikuwa limefika zima, bila kukatwa mkia. Chini yake yule mama mgeni alikuwa ameandika asante, nimeshaihifadhi. Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Kundi lile lililobishana juu ya mbwa kwa siku mbili lilikuwa kimya tangu saa nne.

Fundi aliweka mkasi chini. Redio ndiye aliyeifuta, kwa kidole gumba, ikafutika kwa watu wote, na ndiye aliyemwonyesha alama za walioiona kabla ya hapo. Watu ishirini na sita. Fundi alimtazama yule mwanamke ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akimficha hata bei ya uzi, na hofu yake ilionekana wazi usoni, kwa sababu Redio alivuta kiti akakaa.

"Mwenzangu, ya watu nayasema, sikatai. Hata yako nimeshayasema. Lakini hili si la kusema." Akaivua ile ndara moja. "Nimeshawapigia kumi na nne. Nimewaambia atakayelitoa hili nje, nitayatoa yake yote, kuanzia ya shule ya vidudu."

Wala haukuwa mzaha, maana aliyajua. Fundi alitaka kumshukuru, akaanza kulia na kuyafuta machozi kwa pazia la watu. Redio alikaa naye mpaka akatulia, kisha akaenda kuwapigia waliobaki. Mlangoni aligeuka na kuuliza, kwa sauti ya chini, yeye ameandikwaje. Fundi akachukua mkasi, akakata uzi usiokuwepo. Redio akasema basi, amejua.

Mzee alisikia yote kutoka kwenye kigoda chake cha vifungo. Kwa mara ya kwanza tangu meseji ile ya ofa, hakusema nilikwambia. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba kumwendea Mwalimu sasa ni kumwagia na yeye. Ishirini na sita wameona, kumi na nne wameshafungwa midomo, waliobaki Redio atawafunga kabla ya jioni, na Mwalimu mwenyewe hayumo kwenye kundi. Asipoambiwa hataumia.

Fundi alitamani sana kumsikiliza. Alikaa mbele ya cherehani akaligeuza jambo lile huku na huku, kila upande likampendeza. Lakini Jumatatu yule mama mgeni ataingia ofisini kwa Mwalimu amemshika mtoto mkono. Hatasema kitu, mama wa watu. Macho yake tu yatashuka, upande wa kushoto, mara moja, na Mwalimu amekaa miaka thelathini akisoma macho ya watu. Atajua. Na atajua limetoka wapi, kwa sababu duniani jambo lile lilikuwa kwa watu wawili, daktari na Fundi, na daktari hayuko kwenye makundi ya majirani.

"Afadhali alisikie kwangu," alimwambia mumewe. Akavua aproni, akachukua simu, akasahau tepu shingoni, akaenda.

Shule ilikuwa imetoa watoto. Mwalimu alikuwa ofisini peke yake, nyuma ya rundo la madaftari, amevaa koti la kijivu ambalo Fundi alilishona mwaka uliopita. Alimkaribisha kiti. Fundi akasema atasimama. Akaeleza yote bila kupamba: simu mpya, majina, vipimo ndani ya majina, kundi, saa nne mpaka saa sita. Alipomaliza alibaki anaangalia mguu wa meza.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Aliuliza jina lenyewe limeandikwaje, maneno yenyewe. Fundi akasema hayakumbuki vizuri, huo ukiwa uongo wake wa kwanza na wa mwisho siku ile. Mwalimu akamngojea kwa namna anavyowangojea watoto. Kisha akachukua simu yake mwenyewe, akampigia.

Simu mpya ya Fundi ikaanza kuita mkononi. Akaiweka mezani, skrini juu. Kwenye ile ya zamani lilikuwa linatokea "Mwalimu Mkuu" tu, lililobaki halikuenea. Hii ilikuwa na skrini pana, ya kung'aa, nusu bei, na ililiandika lote kwa mistari mitatu. Waliitazama wote wawili mpaka ikaacha kuita.

"Miaka sita," Mwalimu alisema. "Kila nikikupigia, hilo ndilo jina langu."

"Ndilo, Mwalimu."

"Hata siku ile nilipokupigia kukupa pole ya mama yako."

"Hata siku ile."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Fundi alisikia ufagio ukienda na kurudi, akatamani Mwalimu apige kelele, amtukane, amfukuze. Mwalimu hakufanya hata moja. Alikuwa analitazama jina kama daftari la mtoto ambaye alimtegemea afaulu.

Fundi akasema ambalo hakupanga kusema. "Niliandika vile ili usipimwe tena. Ulilia siku ile. Nikasema mimi huyu simvui nguo mara ya pili, hata dunia igeuke. Ndiyo maana sikukupima tena. Ndiyo maana nguo nakuletea mlangoni, nakupa naondoka. Sikuwa nakucheka, Mwalimu. Nilikuwa nakustahi."

Mwalimu aliinuka. Akaenda mlangoni, na Fundi akajua anafunguliwa atoke, lakini ufunguo ulizungushwa upande wa kufunga. Mwalimu akarudi mpaka mbele yake, akafungua vifungo vya koti la kijivu, na akalifunua ndani.

Kulikuwa na pini. Zilipangwa kwa mstari kutoka kwapani mpaka kiunoni, upande huu na upande huu, pini kubwa za nepi za watoto, zimekunja kitambaa inchi nzima na zaidi. Mshono wa Fundi ulikuwa umezama ndani ya mkunjo huo, hauonekani. Kwenye blauzi vilevile. Fundi alianza kuzihesabu, akaishia ya kumi na moja.

"Nimepungua tangu mwaka juzi," Mwalimu alisema. "Si ugonjwa, usitoe macho. Ni umri, na dawa. Hiyo arobaini na mbili yako si yangu tena. Kila nguo unayoniletea naitia pini."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mwalimu aligusa pini moja. Aliposema, haikuwa sauti ya ofisini.

"Ulikuwa unanikabidhi mfuko unaondoka mbio. Hukunitazama hata mara moja tangu siku ile. Kila mtu mtaani anasema Fundi akikuona tu anakukaribisha chai, mimi hukuwahi kunikaribisha kiti. Nikajua nimekuchukiza. Nikasema, afadhali pini."

Fundi alizitazama tena zile pini. Miaka sita alikuwa akijisifu moyoni kwa heshima ile. Akitembea kutoka mlangoni kwa Mwalimu alikuwa akijiona mtu mwema, kumbe nyuma yake mlango ulipofungwa kulikuwa na mwanamke anatafuta pini. Lile la kundi lilimuumiza kama kosa. Hili lilimuumiza zaidi, kwa sababu alilifanya kila mwezi, kwa makusudi, na kwa upendo.

"Hujanichukiza," alisema mwishowe. "Niliogopa kukuumiza."

"Basi uliniumiza." Mwalimu alivua koti, akalitundika kwenye kiti. "Hao ishirini na sita wameona, wameona. Yule mama akija Jumatatu nitamwandikisha mtoto wake kama wengine, na akitazama, atazame. Tepu unayo shingoni?"

Fundi akagusa shingo yake. Ilikuwepo.

Mwalimu alitoa daftari jipya kutoka kwenye kabati la shule, lenye jalada gumu, akalifungua juu ya kabati lenyewe kimo cha kifua, ili aandike akiwa amesimama. Akasema vipimo vyake kuanzia leo vitakaa humo, na daftari litakaa kwake, na Fundi akivitaka atakuja kuvisoma hapa, na atakaa kwenye kiti. Lile jina alifute, aandike jina la mtu. Alimtajia jina lake, ambalo hatulitaji hapa, maana lile la kwanza limeshatembea vya kutosha. Fundi aliliandika kwa kidole kimoja, polepole, akamwonyesha. Mwalimu akalisoma, akasahihisha herufi moja.

Kisha akaanza kufungua blauzi.

"Bado nina hasira na wewe," alisema. "Pima. Na useme kwa sauti, mimi naandika."

Fundi alipima bega, akasema. Akapima mgongo, akasema. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi tatu, akalitaja hilo pia, na kalamu ikaandika. Alifanya kazi taratibu, akichomoa pini moja moja na kuziweka mezani, mpaka zikawa fungu dogo. Mikono yake ilikuwa inafanya kitu inachokijua. Wakafika kifuani. Upande wa kulia akapima, akasema.

"Kushoto?" Mwalimu aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

Fundi akafumba macho kwa mazoea, kisha akayafumbua. Alitazama. Ilikuwa ngozi ya mtu, yenye kovu refu lililopona vizuri. Akaweka tepu, akainama karibu, akasoma kipimo kwa sauti kama anavyosoma cha mtu yeyote.